Sifuri ya siku ya sita: tangi jipya la maji ya chumvi liko tayari lini?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Tanga, nina tangi la kioo la sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Nimelijaza maji ya chumvi ya kuchanganya, nikaweka kilo 15 za mawe makavu na mchanga wa dukani. Pampu na filta vinafanya kazi. Leo ni siku ya sita, maji ni maangavu kabisa, na nikipima amonia, nitriti na nitrati zote zinasoma sifuri. Aliyeniuzia vifaa anasema tangi liko tayari, niweke damseli (samaki wadogo wa miambani) wawili wa kuanzia. Niwaweke?

Jibu: Usiwaweke bado. Vipimo vyako havikudanganyi, ila swali vinalolijibu silo unalouliza. Sifuri tatu za siku ya sita zinakwambia kwamba ndani ya tangi hakuna kinachotoa amonia. Mawe ni makavu, mchanga ni mkavu, samaki hayupo, chakula hakijaingia. Amonia itoke wapi? Tangi lililokomaa nalo husoma amonia sifuri na nitriti sifuri, lakini hufika hapo baada ya kupewa amonia ya kutosha na kuimaliza lenyewe. Kwa hiyo hata ukingoja wiki sita bila kulilisha, utabaki palepale ulipo leo.

Kinachoamua ni jaribio moja: tia amonia hadi ifike miligramu 2 kwa lita, subiri saa 24, kisha pima. Amonia na nitriti zikiwa zimerudi sifuri, samaki anaweza kuingia. Zikiwa hazijarudi, hata kama kalenda inasema mwezi umekwisha, bado.

Nianze na sababu, maana ukiielewa hutahitaji kumuuliza mtu kila namba inapobadilika.

Samaki hutoa amonia usiku na mchana, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na mabaki ya chakula na kinyesi huongeza nyingine yanapooza. Majini amonia huwa ya namna mbili: yenye chaji, ambayo madhara yake ni madogo, na isiyo na chaji, ambayo hupenya matamvua na kuyachoma. Kipimo chako husoma jumla ya zote mbili. Ni kiasi gani kiko upande wa sumu huamuliwa zaidi na pH (kipimo cha asidi na alkali), kisha joto. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye maji ya bahari yenye pH 8.2 na joto la nyuzi 27, inakuwa takriban asilimia 7. Maana yake, jumla ya mg 1 kwa lita, ambayo perege wa bwawani angeivumilia, kwako ni karibu mg 0.07 za sumu halisi, na matamvua huanza kuumia kati ya mg 0.02 na 0.05. Ndiyo maana mtu aliyefuga samaki wa maji baridi kwa miaka akaanzisha tangi la chumvi kwa mazoea yaleyale huwapoteza samaki wa kwanza bila kujua kilichowaua.

Damseli ni wagumu, hilo ni kweli. Mara nyingi hawafi. Lakini huumia matamvua, na wakiwa dhaifu hivyo ugonjwa wowote waliokuja nao kutoka dukani hupata nafasi. Kuna na tatizo la pili ambalo wauzaji huwa hawalitaji: damseli ni wakorofi na hushika himaya. Ukiwatanguliza, tangi zima linakuwa mali yao, na kila samaki mpya atakayekuja atafukuzwa hadi pembeni. Kuwatoa baadaye kwenye mawe kilo 15 kutakulazimisha kubomoa kila ulichopanga.

Kinachoondoa amonia ni vijidudu vya makundi mawili. La kwanza hula amonia na kutoa nitriti. La pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango cha wastani na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Hawa hawaelei majini kwa wingi. Wanaishi wakiwa wamejibandika juu ya mawe, punje za mchanga na sponji ya filta, na wanahitaji maji yenye oksijeni yapite juu yao muda wote. Wanazaana polepole mno. Bakteria wa kuozesha chakula huweza kujigawa ndani ya saa moja au pungufu, hawa huchukua saa nyingi hadi siku nzima au zaidi, na kundi la nitriti kwa kawaida huchelewa kuliko la amonia. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kijidudu kiitwacho Nitrosopumilus maritimus, walichokipata kwenye tangi la hifadhi ya samaki ya Seattle, Marekani. Si bakteria, ni wa ukoo wa arkea, na sifa yake kubwa ni kwamba anaweza kula amonia iliyo kidogo sana majini. Kwa mfugaji somo lake ni kwamba kulimwagia tangi amonia nyingi hakuharakishi kitu. Kiasi kidogo kinachorudiwa ndicho kinachojenga.

Sasa tangi lako. Hesabu ya maji kwanza, kwa sababu kila dozi nitakayoitaja inaitegemea. Sentimita 90 kwa 45 kwa 45 ni lita 182 ukijaza hadi ukingoni. Maji yakiwa na kimo cha sentimita 40 ni lita 162. Toa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga, unabaki na karibu lita 150. Tumia 150.

Hukusema ulichanganya chumvi na maji gani. Kama ni ya bomba bila kuondoa klorini, itakuwa inawaua wale unaojaribu kuwakuza. Weka dawa ya kuondoa klorini leo kwa kipimo cha lita 150 kabla ya kufanya lolote, na kuanzia sasa tumia maji ya RO, yaani yaliyosukumwa kupita kwenye utando unaozuia madini. Vituo vingi vya kujaza madumu vinayo, lakini baadhi hurudisha madini kidogo ili yawe na ladha, kwa hiyo nenda na kipima TDS (cha jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) mfukoni. Kikisoma chini ya 10 yanafaa. Maji ya kisima ya mwambao usiyaguse: mara nyingi yana nitrati na chuma. Na yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, soma kibandiko mara mbili, kwani chupa ya maji na chupa ya asidi ya betri hufanana na hukaa rafu moja.

Chumvi iwe ya kuchanganya kwa ajili ya akwariamu. Chumvi ya mashamba ya Bagamoyo au Gongoni ni nzuri jikoni, ila inapovunwa, magnesi nyingi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa, na kalisi huwa imetangulia kutuama; unachopata ni karibu kloridi ya sodiamu tupu. Kwa lita 150 utakuwa umetumia kati ya kilo 5.4 na 5.7 kufikia gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, sawa na uzito linganishi wa 1.026. Pima kwa rifraktomita (kifaa cha lenzi cha kusomea chumvi) iliyosahihishwa kwa mchanganyiko wa chumvi, si kwa maji matupu pekee. Mchanganyiko huo unaweza kuutengeneza: gramu 36.5 za chumvi safi isiyo na viungo, ndani ya gramu 963.5 za maji ya RO. Lenzi ikiitazama lazima isome 35. Isiposoma hivyo, zungusha skrubu mpaka isome.

Joto, kwa Tanga, tatizo lako ni kushusha wala si kupandisha. Nyuzi 26 hadi 28 zinafaa wakati huu wa kukomaza. Chumba kikifika nyuzi 32 mchana wa kaskazi, elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji. Itashusha nyuzi mbili au tatu. Feni itakula maji, na kinachopungua ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo jazia maji ya RO yasiyo na chumvi kila siku hadi kwenye alama uliyoichora kwenye kioo. (Ndugu zetu wa Nairobi, Arusha na Mbeya wao wanahitaji hita, chini ya nyuzi 20 vijidudu hawa husinzia.)

Oksijeni usiichukulie kwamba ipo tu. Maji ya bahari ya nyuzi 30 yanaweza kushika karibu mg 6.2 kwa lita, na kubadilisha mg 1 ya naitrojeni iliyomo kwenye amonia hadi iwe nitrati hula zaidi ya mg 4.5 za oksijeni. Elekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji uvurugike. Taa zima. Vijidudu hawazihitaji, na mwanga kwenye tangi lisilo na mla mwani hukuza mwani tu. Kichuja povu, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu, kinaweza kukaa kimezimwa hadi siku ya samaki.

Kisha amonia yenyewe. Njia ya kamba mbichi aliyetupwa ndani akaoza inafanya kazi, lakini huwezi kujua ametoa kiasi gani, nyumba inanuka, na unajirundikia fosfeti utakayopambana nayo miezi ijayo. Nunua kloridi ya amoniamu ya daraja la maabara kwenye duka la kemikali. Gramu 50 zinatosha kabisa. Usidanganyike na mbolea: SA (salfeti ya amonia) ina salfeti na uchafu usiojulikana, na urea haitasomeka kama amonia mpaka ivunjwe, kwa hiyo utaongeza na kuongeza huku kipimo kikisema sifuri, halafu siku moja yote itoke kwa pamoja. Amonia ya maji ya kusafishia sakafu pia iache kama ina harufu nzuri, rangi, au inatoa povu ukiitikisa. Na amonia ya aina yoyote isikutane na dawa ya klorini ya kufulia. Hewa inayotoka hapo huunguza mapafu ya mtu.

Pima gramu 10 kwa mizani ya sonara, yeyusha ndani ya maji ya RO, jaza hadi lita 1 kamili. Kila mililita ya mchanganyiko huo ina karibu mg 3.4 za amoniamu. Kwa lita 150, mililita 90 zitakupa mg 2 kwa lita. Andika kwenye chupa, iweke mbali na watoto. Mimina mililita 90 mbele ya pampu, ngoja saa moja, pima. Kipimo kisome 2 au karibu yake. Kikisoma 4 basi maji yako ni machache kuliko unavyodhani au mizani imekosea, nawe rekebisha kabla ya kuendelea. Usivuke 4 hata siku moja, kwani amonia nyingi huwazuia walewale unaowalisha.

Kwenye tangi la mawe makavu mbegu ya vijidudu lazima itoke mahali. Ikitegemea vumbi na bahati, tarajia wiki nne hadi sita, wakati mwingine nane. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la maji ya chumvi la mtu unayemwamini, lisilo na ugonjwa, kikiwa bado kimelowa, muda huo unaweza kupungua hadi wiki moja au mbili. Bakteria wa chupa nao husaidia wakiwa hai. Angalia tarehe, angalia kama imeandikwa ni ya maji ya chumvi, na uliza ilikaa wapi, maana chupa iliyopitisha wiki kwenye kontena lenye joto la nyuzi 45 bandarini ni maji machafu tu. Soma pia lebo: bidhaa nyingine zina bakteria wa kuozesha taka, wanaokaa dukani miaka wakiwa mbegu, hao hawali amonia, wanaizalisha. Ukitia bakteria, zima taa ya UV (ya kuua vijidudu majini), kama unayo, kwa siku mbili tatu.

Mwambao mna kishawishi cha kwenda kuchukua jiwe hai mwambani. Usifanye hivyo. Tanga ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009, na matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Zaidi ya sheria, jiwe likikaa juani kwenye boti nusu siku, nusu ya viumbe wake hufa na kuanza kuoza ndani ya tangi lako. Maji ya bahari ni jambo jingine, na kwa kubadilisha maji baadaye yatakuokolea fedha nyingi: chota wakati wa bamvu maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mbali na midomo ya mito Sigi na Pangani, usichote masika, chuja kwa kitambaa kizito, kisha yaweke gizani kwenye pipa lenye pampu ya hewa kwa wiki mbili. Pima chumvi kabla ya kuyatumia.

Baada ya dozi ya kwanza, pima amonia kila siku ya pili. Usiongeze chochote mpaka ishuke chini ya 0.5. Siku kadhaa za mwanzo itakaa pale pale kwenye 2 na utadhani hakuna linaloendelea, ni kawaida. Ikianza kushuka, pima na nitriti, utaiona imetokea. Hapo shusha dozi iwe mililita 45, yaani mg 1, kila amonia inapofika sifuri.

Kwa nini kushusha? Hesabu inaeleza. Kila mg 2 za amonia zikibadilishwa hutoa karibu mg 5 za nitriti, na hizo zikibadilishwa hutoa karibu mg 7 za nitrati. Kadi za vipimo vingi vya nitriti huishia 5. Ukitia dozi tatu kamili wakati kundi la pili bado changa, nitriti halisi ni 15, kadi inaonyesha zambarau ileile ya 5, na inaweza kushuka kutoka 15 hadi 6 kwa wiki mbili bila rangi kubadilika. Watu wengi humwaga maji yote na kuanza upya wakati huo, ilhali tangi lilikuwa linakwenda vizuri kabisa. Ukikwama hapo, chukua mililita 1 ya maji ya tangi, changanya na mililita 9 za maji ya RO, pima mchanganyiko huo, zidisha jibu kwa 10. Utaona mwendo.

Nitriti hiyohiyo huvuruga kipimo cha nitrati. Kemikali ya kipimo hicho hugeuza nitrati kuwa nitriti kisha kusoma nitriti, hivyo nitriti iliyokuwepo tangu mwanzo nayo inahesabiwa, na unaona nitrati 80 au 100 zisizokuwepo. Nitrati usiipime kabisa mpaka nitriti imalizike. Ukiipima, ile chupa ya pili itikise kwa nguvu nusu dakika nzima kabla ya kudondosha matone, kwa sababu unga wake hutuama chini. Isipotikiswa utasoma sifuri ya uongo. Kwa amonia, soma kichupa mchana karibu na dirisha, kikiwa kimegusa karatasi nyeupe, kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo, bila kuzidisha. Taa ya njano ya sebuleni hugeuza sifuri kuwa 0.25. Kama una shaka, pima maji mapya ya chumvi uliyochanganya leo ndooni. Rangi yake ndiyo sifuri yako.

Nitriti kwenye maji ya bahari si adui mkubwa kama ilivyo kwenye maji baridi. Kloridi iliyojaa majini hushindana nayo kwenye mlango wa matamvua, na samaki huingiza kidogo sana. Tunaisubiri ifike sifuri kwa sababu ni dalili kwamba kundi la pili limesimama.

Tangi likikwama kweli, yaani amonia au nitriti imekaa wiki mbili bila kushuka hata kwa kipimo cha kuchanganya, mtuhumiwa wa kwanza ni KH, yaani kipimo cha alkali iliyomo majini. Vijidudu hawa hutumia ukali wa alkali majini. Kila dozi ya mg 2 inayomalizwa hula karibu digrii 0.6 za KH. Dozi sita ni karibu digrii 3.7. Tangi lililoanza na KH 8 linafika 4, pH inashuka, kazi inapungua. Pima KH kila wiki na uirudishe kwenye 8. Kwa lita 150, gramu 4.5 za bikaboneti ya soda safi hupandisha digrii 1. Yeyusha kwenye kikombe cha maji ya RO, mimina polepole, usipandishe zaidi ya digrii 2 kwa siku. Sema na muuzaji vizuri hapa: namaanisha ya kuumulia keki. Magadi ya kulainishia maharage ni kitu kingine, yana kaboneti inayorusha pH juu ghafla, na amonia iliyomo inageuka sumu zaidi.

Mtuhumiwa wa pili ni fosfeti, na anawahusu hasa wenye mawe makavu na maji ya RO kama wewe. Maji yako ni masafi kiasi kwamba vijidudu hawana fosforasi ya kujengea miili yao. Pima, ikiwa sifuri kabisa, saga punje mbili tatu za chakula cha samaki kati ya vidole na uziachie ndani. Inatosha.

Wa tatu ni umeme. Ukikatika, vijidudu vya kwenye mawe na mchanga hustahimili saa nyingi, ila filta ya mkebe iliyofungwa huishiwa oksijeni ndani ya saa chache na maji yaliyomo huanza kunuka kama yai bovu. Umeme ukirudi, filta itayasukuma yote ndani ya tangi. Ukikatika zaidi ya saa mbili au tatu, fungua mkebe, toa sponji uitie ndani ya tangi, na kabla ya kuwasha tena mwaga maji yaliyobaki mkebeni. Nunua pampu ya hewa ya betri sasa, kabla ya samaki. Sponji ikihitaji kuoshwa, ioshe kwenye ndoo ya maji ya tangi, kamwe si bombani.

Wakati haya yakiendelea, fanya jambo moja ambalo utalishukuru baadaye: tia sponji ya pili, ya ziada, ndani ya filta au nyuma ya mawe mahali penye mkondo. Itakomaa pamoja na tangi. Siku ya kununua samaki, itoe uitie kwenye tangi dogo la lita 50 lisilo na mchanga wala mawe, hapo ndipo samaki akae karantini wiki nne. Cryptocaryon irritans, ule ugonjwa wa vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, ukiingia kwenye tangi kubwa, itakubidi uwatoe samaki wote na kuliacha tupu siku 76. Na dawa yake ya shaba haiwekwi kwenye tangi kubwa abadani, maana mawe huinyonya, kisha konokono na kamba wote hufa.

Siku dozi ya mililita 45 itakapokuwa inamalizika ndani ya saa 24 pamoja na nitriti yake, fanya mtihani kamili: mililita 90, pima baada ya saa moja, pima kesho yake saa ileile. Rudia siku inayofuata. Zikirudi sifuri mara zote mbili, limekomaa. Sasa pima nitrati. Ikiwa 40, badilisha nusu ya maji. Lengo ni 20 au chini yake. Maji mapya yawe na chumvi na joto sawa na ya ndani. Usiogope kwamba unamwaga vijidudu, wao wako kwenye mawe.

Kama samaki bado hajapatikana au yuko karantini, endelea na mililita 45 kila baada ya siku mbili au tatu. Tangi lisilolishwa wiki tatu hupoteza sehemu ya nguvu yake. Acha dozi siku moja kabla samaki hajaingia, washa kichuja povu, washa taa saa sita kwa siku.

Kwa ukubwa wa tangi lako, anza na samaki wawili wadogo, si zaidi. Jozi ya Amphiprion, wale samaki ambao baharini huishi ndani ya minyiri ya anemone, ingefaa; A. akallopisos na A. allardi ni wa pwani yetu wenyewe, na aliyezalishwa kwenye matangi ni bora kuliko aliyevuliwa, kwa sababu tayari anakula chakula cha dukani. Hawahitaji anemone, na wala usiinunue kabla tangi halijafikisha miezi kadhaa. Walishe mara moja kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika moja. Pima amonia kila siku kwa wiki nzima ya kwanza. Ikifika 0.25 ya kweli, ukiilinganisha na maji ya ndooni, acha kulisha siku moja na ubadilishe robo ya maji, ikifika 0.5 badilisha nusu papo hapo. Samaki wa tatu asubiri angalau wiki mbili baada ya hapo.

Kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya kuwasha taa, vumbi la kahawia litafunika mchanga na kioo. Ni dayatomu, mwani wa chembe ndogo mno, wanakula silika iliyomo kwenye mchanga mpya na kwenye maji yasiyochujwa vizuri. Tia konokono watano au sita wa kula mwani, futa kioo, usiweke dawa yoyote. Silika ikiisha wataondoka.